Umekuja Dar kutibiwa? Kagua chumba cha gesti kabla hujalipa

Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka mkoani kuja Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road hujiandaa kwa mengi. Anabeba barua ya rufaa, majibu ya vipimo, kadi ya bima kama anayo, na nauli ya kurudia iliyofundikwa kwenye pindo la khanga. Jambo ambalo mara nyingi halipangi ni mahali pa kulala. Basi linamshusha Stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku, ndugu aliyetegemewa hapokei simu, na dereva wa bajaji anasema yeye anaijua gesti nzuri, bei nafuu.

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa wa rufaa hulazwa wodini. Si lazima. Mgonjwa wa mionzi, kwa mfano, mara nyingi huja asubuhi, hukaa kwenye mashine dakika chache, kisha huambiwa arudi kesho. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi anaweza kufanya hivyo siku tano kwa wiki kwa wiki tano, halafu akaendelea na mionzi ya ndani. Mtoto wa moyo anaweza kuitwa kwa vipimo leo, na majibu yakasubiriwa hadi wiki ijayo. Muda wote huo yupo mjini, na kama hana ndugu, yupo gesti.

Nimekuwa nikiwauliza wagonjwa wanalala wapi, na majibu yao yanafanana mno. Mlangoni kuna tarazo inayong'aa na kalenda ya benki ukutani. Chumbani kuna godoro lililobonyea katikati, shuka lililopauka, feni yenye kasi moja tu, na dirisha linalotazamana na ukuta wa jirani. Maji hutoka bombani siku moja, siku tatu ni ya ndoo. Chini kuna baa, na muziki hauzimwi hadi usiku wa manane. Mama mwenye mtoto mgonjwa hugundua pia kwamba mchana vyumba vya jirani hukodishwa kwa saa, na shuka hubadilishwa kwa kadiri ya hisani ya mhudumu.

Siwalaumu wenye gesti hizi moja kwa moja. Chumba cha bei hiyo hakiwezi kuwa hoteli ya ufukweni. Lakini mtu mzima anayepita kwa usiku mmoja anaweza kuvumilia mambo ambayo mgonjwa wa wiki sita hapaswi kuyavumilia.

Tuanze na kunguni, kwa kuwa ndio malalamiko ya kwanza ya kila mtu. Kunguni hawaambukizi Virusi vya Ukimwi wala homa ya ini. Swali hili huulizwa kwa kunong'ona karibu kila wiki, na jibu ni hapana. Wanachofanya ni kunyonya damu usiku, kuacha vipele vinavyowasha, mara nyingi vimejipanga kama mstari, na kumnyima mtu usingizi. Kwa mtoto anayejikuna hadi ngozi inachubuka, bakteria hupata pa kuingilia, na kidonda kidogo kwa mtoto aliye kwenye dawa za saratani si kitu kidogo.

Kwa hiyo usilipe kwanza ndipo uone chumba. Omba ufunguo, ingia, na begi liache mlangoni au bafuni, usilitupe kitandani. Washa tochi ya simu, funua shuka kwenye kona zote nne na uangalie mishono ya godoro. Unatafuta wadudu bapa wa kahawia wenye urefu wa kama milimita tano, maganda yao, au vidoa vyeusi kama vya wino wa kalamu. Kisha angalia ubao wa kichwani, nyufa za kitanda cha mbao na mikunjo ya pazia. Ukiona dalili hizo, omba chumba kingine, na kisiwe cha ubavuni mwa kile, kwa maana kunguni hupita kwenye nyufa za ukuta. Ukishaumwa, usirudi nao nyumbani: nguo zifuliwe kwa maji ya moto sana kabla ya kuingia kabatini. Kuanika juani peke yake hakutoshi.

Kinachonitia hofu kuliko kunguni wenyewe ni dawa yao. Mteja akilalamika, mhudumu huja na chupa isiyo na lebo, ananyunyiza godoro zima, na saa moja baadaye anamwambia mgonjwa alale. Baadhi ya dawa hizi ni viuatilifu vya shambani au ghalani, vikali kabisa, ambavyo havikutengenezwa kwa chumba cha kulala mtu. Mtoto akianza kutoa mate na machozi kwa wingi, akatapika, akatokwa jasho, mboni za macho zikawa ndogo na pumzi ikawa ya shida, hiyo ni sumu. Mtoe nje kwenye hewa, mvue nguo, mwoshe mwili kwa maji na sabuni, na mkimbize hospitali ukiwa na hiyo chupa kama inapatikana. Usimpe maziwa kwa kudhani yanaua sumu. Na kama chumba kimenyunyizwa leo, msilale humo leo.

Mbu ni habari nyingine. Mgeni kutoka mkoani anafikiria malaria, na yuko sahihi kudai chandarua. Vingi vya gesti huning'inia kwa mapambo, vikiwa na matundu ya kupitisha ngumi. Kuja na chako na kamba yake ni uamuzi wa busara kuliko wote utakaoufanya kabla ya kupanda basi. Ila Dar es Salaam ina dengi pia. Mji huu ulikumbwa na mlipuko mwaka 2014, na mwingine mwaka 2019. Mbu wa dengi huuma mchana, na huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama: pipa la kuhifadhia maji lisilo na kifuniko, ndoo iliyosahaulika nyuma ya choo, trei chini ya chungu cha maua pale mapokezi. Mgonjwa anayelala mchana baada ya mionzi alale ndani ya chandarua mchana huo huo.

Kwa nini nalisisitiza hili? Dengi hushusha chembe sahani za damu, zile zinazozuia mtu kuvuja damu. Dawa nyingi za saratani hushusha hizo hizo. Mtu mwenye homa na maumivu makali ya mwili asijinunulie diklofenaki, aspirini wala ibuprofeni kwenye duka la dawa la jirani kabla hajapimwa.

Na hapa nafika kwenye onyo ninaloomba kila mzazi wa mtoto aliye kwenye tibakemikali alikate na kulibandika ukutani mwa chumba. Siku kadhaa baada ya dawa, chembe nyeupe za damu hupungua, na mwili unabaki bila walinzi. Katika siku hizo, joto la mwili kufika nyuzi 38 au zaidi ni dharura ya saa, si ya kesho asubuhi. Usimpe parasetamoli ukasubiri uone. Parasetamoli itashusha joto na kuficha hatari, huku maambukizi yakiendelea ndani. Nunua kipimajoto na ukae nacho. Jioni ya kwanza kabisa muulize mhudumu mambo mawili: geti hufungwa saa ngapi, na nani hulifungua usiku. Nimesikia ya wazazi waliosubiri hadi alfajiri kwa sababu mlinzi aliondoka na ufunguo. Gesti isiyoweza kukufungulia saa nane usiku haimfai mgonjwa huyu, hata ikiwa na vigae hadi darini. Namba ya dereva mmoja wa bajaji au bodaboda anayelala jirani iwe kwenye simu yako kabla hujaihitaji.

Choo cha kuchangia hakikwepeki kwa bei hizi, lakini kina taratibu zake. Kandambili miguuni, sabuni yako mwenyewe, na maji ya kunywa yasitoke kwenye ndoo ya kuogea. Maji yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya kutibu maji. Matunda yaliyokatwa na kachumbari ya barabarani, kwa mgonjwa ambaye kinga imeshuka, yasubiri.

Wazazi wa watoto wenye selimundu nawaongezea neno. Kliniki ni asubuhi, foleni ni ndefu, basi mama anaamka saa kumi na moja na kumwogesha mtoto kwa maji ya baridi ya ndoo. Baridi ya ghafla inaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa, na siku iliyokuwa ya kliniki inageuka ya kulazwa. Omba maji ya moto jikoni usiku na uyaweke kwenye chupa ya chai. Kinyume chake pia ni kweli: chumba chenye joto kali, mtoto anatoka jasho usiku kucha na hanywi maji, nacho huleta maumivu hayo hayo.

Hewa ya chumba huinusa mara moja unapofungua mlango. Harufu ya ukungu na madoa meusi au ya kijani ukutani ni sababu ya kutosha ya kukataa chumba kwa mwenye pumu, na zaidi kwa mwenye kinga ndogo. Dirisha lisilofunguka ni tatizo kwa kila mtu, hasa wanapolala wanne chumba kimoja na mmoja wao anakohoa kwa wiki mbili. Huyo anayekohoa apimwe kifua kikuu, hata kama yeye ndiye msindikizaji na si mgonjwa. Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya duara, isiwashwe kwenye chumba kilichofungwa.

Wala jiko la mkaa. Najua sababu: chakula cha mgahawani ni ghali, mgonjwa anataka uji laini, na mwenye gesti amekataza kupika, kwa hiyo jiko linawashwa ndani kimyakimya na dirisha linafungwa ili moshi usionekane. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo mgonjwa wa saratani atazidhania kuwa ni madhara ya dawa. Watu hulala na hawaamki. Afadhali ukae na mwenye gesti mkubaliane kona ya uani ya kupikia, hata kwa kumlipa kidogo.

Wenye kisukari huniuliza kuhusu insulini. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Friji ya kaunta, ile yenye soda na bia, si mbaya, ila dawa isigusane na barafu. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida hudumu takribani wiki nne nje ya friji, mradi joto lisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye boksi lake. Chumba cha Dar mwezi Februari hukivuka kiwango hicho kirahisi. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, uiweke ndani ya chungu cha udongo chenye maji, mahali pa kivuli.

Tuzungumze pesa, maana ndizo zinazomfikisha mtu kwenye chumba cha namna hii. Chumba cha shilingi 15,000 kwa usiku, kwa wiki sita, ni shilingi 630,000. Hapo hujala wala hujapanda daladala. Wiki ya tatu au ya nne pesa zinakwisha, na mgonjwa anaamua kurudi nyumbani kidogo, akatafute zaidi, kisha arudi amalizie. Uamuzi huu unaonekana wa kawaida, lakini mionzi haihesabiwi namna hiyo. Kwa saratani ya mlango wa kizazi lengo ni matibabu yote, ya nje na ya ndani, yamalizike ndani ya wiki nane, kwa sababu uvimbe hutumia mapengo kukua tena, na kila siku inayoongezeka hupunguza nafasi ya kupona.

Kwa hiyo swali la malazi lipeleke kwa daktari siku ya kwanza, pamoja na maswali ya dawa. Muulize wazi: nitakuja mara ngapi, kwa wiki ngapi, na je, huduma hii inapatikana Bugando au KCMC, karibu zaidi na kwetu? Kisha nenda Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya hospitali kabla pesa hazijaisha. Wao ndio wanaojua kama kuna hosteli ya wagonjwa yenye nafasi, na kwa watoto wenye saratani wanaotibiwa Muhimbili, wataalamu wa wodi watakueleza msaada unaotolewa kupitia Tumaini la Maisha. Wengi hufika ofisi hiyo wakiwa na deni la gesti la wiki mbili na begi lao limezuiliwa kaunta. Wakati huo ofisa ana machache ya kufanya.

Ukilazimika kukaa gesti, usikubali bei ya usiku mmoja mmoja. Mwambie mwenye nyumba utakaa mwezi, umwoneshe kadi ya kliniki, na muombe bei ya mwezi. Wengi hushusha. Lipa kwa wiki, dai risiti, na kabla ya kutoa pesa funua lile shuka.