Makao ya kudumu ngambo: andikeni watoto wote

Tangu vita ya Djugu ivushe watu wengi ziwa Albert kwenda Uganda, kwenye mikutano yetu ya wachimbaji watu hawaulizi tena bei ya dhahabu tu. Wanauliza namna gani familia inaweza kukaa ngambo kabisa, na karatasi ya kudumu. Tunajibu kwanza juu ya watoto, maana njo pale familia nyingi zinaanguka.

Karibu iko Uganda. Wengi wetu tuko na ndugu Kyangwali. Kule mkimbizi ana ruhusa ya kufanya kazi na watoto wanasoma. Lakini ukimbizi si uraia. Katiba ya Uganda ya 1995 inaruhusu baadhi ya watu waliozaliwa kule kujiandikisha kuwa raia, halafu inamtoa yule ambaye mzazi wake ao babu yake alikuwa mkimbizi. Wengine wanasema: « Congo si iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022? » Kweli iliingia. Ila Protokoli ya Soko la Pamoja inaacha mambo ya makao ya kudumu kwa sheria ya kila nchi.

Canada njo inatajwa sana. Mkimbizi anayechaguliwa kupelekwa kule anafika tayari na makao ya kudumu, pamoja na bibi ao bwana yake, na watoto walio chini ya miaka 22 ambao hawajaoa wala kuolewa. Fomu inaomba majina yao wote: hata yule aliyebaki kwa nyanya Mongbwalu, hata wa mama mwingine. Mtoto aliyefichwa, na hivi hakuchunguzwa na Canada, sheria inamfungia njia: mzazi hawezi tena kumwita kama mtu wa familia. Tangu Septemba 2019 walilegeza kwa watu fulani, wakimbizi wakiwamo, lakini huo ni unafuu wa muda, usijengee nyumba juu yake. Kwa yule aliyeandikwa lakini hakusafiri, mzazi ana mwaka mmoja tangu kufika ili aombe amfuate.

Amerika ilisimamisha kupokea wakimbizi Januari 2025. Loteri yao ya viza, wakati inapofunguliwa, inataka bibi na watoto wote walio chini ya miaka 21 wasiooa wala kuolewa, hata kama hawataenda. Ukiacha mmoja, faili ya familia nzima inakataliwa siku ya mahojiano kule Kinshasa. Na wako watu wa kujaza fomu mjini wanaokata majina ili bei ishuke!

Tunajua maisha ya mgodini iko namna gani. Mwanaume anafanya miaka tatu kwenye mashimo, anapata mtoto kule, na bibi wa Bunia hajui. Si mambo ya kusemea kwenye gazeti, lakini fomu ya ubalozi haina haya. Afazali ugomvi nyumbani leo kuliko mtoto kubaki peke yake. Kinyume chake pia ni hatari: mtoto wa marehemu ndugu yako usimwandike kama uliyemzaa, juu siku wakiomba kipimo cha damu, faili inakufa. Mwandike kama yatima unayemlea, na utafute karatasi ya tribinali ya watoto.

Jambo lingine, kwa haraka: makao ya kudumu hayakuondolei ukongomani. Uraia wa kigeni njo unauondoa, maana Katiba yetu, kifungu cha 10, inasema uraia wa Congo ni mmoja tu na hauchanganywi na mwingine.

Yote hayo yanaanzia kwenye acte de naissance. Code de la famille, kama ilivyobadilishwa mwaka wa 2016, inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto kwa état civil, na ndani ya siku hizo ni bure. Zikipita, ni kwenda tribinali kutafuta jugement supplétif, na pale makuta inatoka. Kwa hiyo ba mama wenye watoto wachanga, pitieni komini yenu, Mbunya, Nyakasanza ao Shari, mbele ya siku 90 kwisha. Baba akiwa mgodini, asingojewe: mama pia ana haki ya kuandikisha.