Hewa Iingie Wapi, Itokee Wapi?

Ukiingia katika nyumba ya zamani ya Kiswahili kule Ilala au Kariakoo, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma, inua macho utazame ukuta karibu na dari. Mara nyingi utakuta matundu. Fundi aliyeyaacha alijua kazi yake. Hewa yenye joto hupanda. Ikikuta upenyo juu hutoka, na ikitoka huvuta hewa ya nje iingie kwa chini, dirishani na mlangoni. Jiko lilikaa uani na moshi uliishia huko.

Leo tunajenga tukiziba. Dirisha la aluminiamu la kuteleza hufunguka nusu tu, maana kioo kimoja hujificha nyuma ya mwenzake. Wavu wa mbu hatuwezi kuuacha, lakini ukijaa vumbi upepo haupiti, usugueni. Halafu mtu anapanga chumba kimoja chenye dirisha moja, kitanda humo, jiko humo.

Wenye kiyoyozi nao wasijione wamepona. Kile cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya hata kidogo: huvuta hewa ileile ya chumbani, huipoza na kuirudisha. Wakilala watu wanne mlango umefungwa, kaboni dayoksaidi wanayoitoa huongezeka usiku kucha, wakaamka na vichwa vizito. Mmoja akiwa na kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, vijidudu vyake vinaelea humo humo. Watafiti waliopima hewa katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapisha matokeo mwaka 2007, waligundua kwamba majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yalibadilisha hewa vizuri kuliko wodi mpya, hata zile zenye mitambo. Mafundi wetu wa zamani hawakuwa nyuma ya wakati.

Linalonitia hofu kuliko yote ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani. Juni na Julai, baridi ikikaza Makete, Lushoto au Limuru, watu hungoja mkaa ukolee, moshi uishe, ndipo waliingize jiko ndani na kufunga mlango. Wanaamini hatari imekwisha pamoja na moshi. Haijaisha. Mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu ikamlegea. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje upesi, kisha hospitali, akapewe oksijeni. Usimnyweshe maziwa: hayaiondoi gesi hiyo, na asiyejitambua yanaweza kumpalia.

Moshi wa kupikia nao huua, ila polepole. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama sakafuni, hivyo tundu la juu peke yake halitaitoa. Jiko la gesi linahitaji upenyo wa chini pia.

Mwenye nyumba unayejenga sasa, kabla fundi hajapiga lipu, mwambie aache matofali ya matundu kwenye kuta mbili za kila chumba, na jikoni aongeze tundu karibu na sakafu. Nawe mpangaji, mkaa ukishawaka, jiko lilale nje.