JINO BOVU LISINGOJE KOLEO

Miongoni mwa maradhi yanayodharauliwa sana majumbani ni maradhi ya meno. Mtoto akishikwa na homa, nyumba nzima huamka. Lakini akilalamika kuwa jino linamwasha anywapo chai ya moto, huambiwa litatulia lenyewe. Nalo hutulia kweli kwa siku kadhaa, kisha hurudi kwa kishindo, aghalabu usiku, wakati hakuna kituo kilicho wazi wala fedha iliyo tayari mkononi.

Kwa mkazi wa Rubondo dharau hiyo ina gharama kubwa kuliko kwa mtu wa mjini. Rubondo inayozungumzwa hapa si kile kisiwa cha Ziwa Viktoria upande wa Tanzania, bali ni mojawapo ya kanda za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wanaishi humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, wakiwa majirani wa wenyeji wa Ankole, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazowakutanisha sokoni na kwenye foleni ya kituo cha afya.

TIBA YA BURE ILIYO MBALI

Kwa sheria na taratibu, mgonjwa wa Rubondo hana sababu ya kuogopa bei. Mwezi wa Machi 2001 Serikali ya Uganda ilifuta ada katika vituo vyote vya afya vya umma, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali. Hatua hiyo iliwafungulia maskini mlango uliokuwa umefungwa kwa miaka kadhaa ya kuchangia gharama. Mkimbizi naye ana haki ya kutibiwa katika vituo hivyo sawa na raia.

Hata hivyo, kufuta ada si sawa na kuleta huduma. Katika mpango wa afya wa Uganda, tabibu wa meno huwekwa katika kituo cha afya cha daraja la nne, na daktari wa meno huwekwa hospitalini. Vituo vya chini yake, ambavyo ndivyo vilivyo karibu na wananchi, hutazamiwa kutibu malaria, kuhara, vidonda, na kuhudumia akina mama wajawazito. Jino likiuma, mhudumu wa huko anaweza kutoa dawa ya kutuliza maumivu na kuandika rufaa. Rufaa hiyo, ikiwa jambo ni zito, humfikisha mgonjwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambayo pia ni mahali pa mafunzo kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989.

Tuchukue mfano wa mama mwenye mtoto wa miaka minane aliyevimba shavu. Atalipa bodaboda hadi penye gari, kisha nauli ya gari hadi Mbarara, ya kwake na ya mtoto. Atanunua chakula cha njiani. Shamba litalala siku hiyo, na watoto waliobaki wataachiwa jirani. Akifika amechelewa na foleni ikaisha kabla ya zamu yake, itambidi atafute pa kulala au arudi siku nyingine kwa nauli nyingine. Ikiwa ganzi au glavu zimekwisha hospitalini, ataelekezwa dukani. Zahanati za watu binafsi ziko mjini, lakini bei zake si za mtu anayeishi kwa posho. Hivyo jino linalotibiwa bure humgharimu mapato ya siku nyingi.

MISAADA ILIPOPUNGUA

Mwaka 2025 hali ilizidi kuwa ngumu. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa, ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje kuanzia Januari ya mwaka huo. Mwezi wa Mei, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda hawatapata tena msaada wake. Fedha za kuendeshea vituo vya afya makambini nazo zilipungua. Familia iliyopoteza mgao wa chakula haiwezi kutenga nauli kwa ajili ya jino.

Penye uhaba, huduma inayosahauliwa upesi ni ile isiyoonekana kuwa ya kufa na kupona. Meno huwekwa katika fungu hilo, nako ni kukosea. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba maradhi ya kinywa huwasibu karibu watu bilioni 3.5 duniani. Katika Afrika, wataalamu wa meno kwa kulinganisha na idadi ya watu ni kama sehemu moja ya kumi tu ya wastani wa dunia. Usaha wa jino la chini ukishuka chini ya ulimi na shingoni waweza kuziba njia ya pumzi na kumwua mtu mzima katika muda mfupi.

KWA NINI MENO HUNG'OLEWA

Jino halitoboki kwa sababu ya mdudu, kama wengi wanavyoamini. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hukaa katika ukoga unaoganda juu ya meno. Hula sukari tunayokula, na kutoa asidi inayomomonyoa jino kidogo kidogo. Mwanzoni huonekana doa jeupe au la kahawia lisilouma. Baadaye hutokea tundu. Tundu likifika kwenye kiini chenye mishipa, maumivu huanza.

Tundu dogo huzibwa, na jino huishi miaka mingi. Tundu lililofika ndani huhitaji matibabu marefu ya gharama, na mahali yasipopatikana hubaki koleo. Anayesubiri mpaka maumivu yamshinde ndiye anayefika hospitalini wakati wa kuziba umekwisha pita. Umbali na nauli humfanya asubiri; kwa hiyo ni umbali na nauli vinavyomng'oa jino.

Kuna njia iliyo rahisi, nayo ilianza kujaribiwa hapa hapa Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa meno nchini Tanzania walianza kuondoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, kisha kuziba tundu kwa saruji maalumu ya meno, pasipo umeme wala mashine ya kutobolea. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji ya namna hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha yake ya dawa za lazima. Kazi ya aina hiyo yaweza kufanyika chini ya mwembe. Tabibu mmoja wa meno mwenye sanduku la vifaa, akifika Rubondo kwa siku zinazojulikana, angeokoa meno ambayo leo husubiri koleo la Mbarara.

TAHADHARI NYUMBANI

Wakati huduma hiyo inangojewa, nyumba inaweza kufanya mengi.

Meno yasuguliwe mara mbili kwa siku, na mara moja iwe kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atiliwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Mzazi amsaidie. Mswaki wa mti hufaa pia ukitumiwa kwa uangalifu.

Sukari ipunguzwe, hasa mara za kuila. Pipi inayomumunywa mchana kutwa hudhuru meno kuliko kikombe kimoja cha chai tamu kinachonywewa pamoja na chakula.

Jino likiuma, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi na utumie dawa ya maumivu kama ulivyoelekezwa. Mtoto asipewe aspirini. Usitie ndani ya tundu maji ya betri, petroli, tumbaku wala vidonge vilivyosagwa. Vitu hivyo huunguza ufizi na tundu hubaki pale pale.

Mtoto mchanga mwenye homa na kuhara asipelekwe kuchimbwa ufizi. Uvimbe mweupe unaoitwa ebiino magharibi mwa Uganda, na meno ya plastiki au ya nailoni huko Tanzania, ni meno ya kawaida yanayoota. Kuyachimba kwa kisu au spoku ya baiskeli kumeleta pepopunda, kutokwa na damu nyingi na vifo, na huharibu meno ya ukubwani. Mtoto wa namna hiyo anahitaji maji ya chumvi na sukari ya paketi na kituo cha afya.

Uvimbe ukishuka shingoni, kinywa kikashindwa kufunguka, au mgonjwa akashindwa kumeza au kupumua vizuri, asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja.

Kwa upande wa viongozi, kamati za ustawi wa wakimbizi na timu za afya za vijiji zinaweza kuandika majina ya wenye meno mabovu yasiyouma bado, na kuyapeleka kwa wilaya pamoja na ombi la siku ya tabibu wa meno. Orodha ya majina arobaini ni vigumu kuipuuza kuliko malalamiko ya mtu mmoja. Wafadhili nao, wanapogawa sabuni na ndoo, waongeze mswaki na dawa ya meno. Hugharimu kidogo kuliko nauli ya kwenda Mbarara na kurudi.

Jioni hii, kabla taa haijazimwa, kila mzazi na afungue vinywa vya wanawe na kutazama magego. Akiona doa au tundu lisilouma, ajue kuwa huo ndio wakati wa kwenda.