Nyumba kwa Jasho Lao Wenyewe

Kodi ya chumba ni mzigo anaoujua kila kabwela wa mjini. Huilipa mwezi baada ya mwezi, miaka ishirini ikapita, na siku anapohama hana hata tofali moja la kuonyesha kuwa ni lake. Wengi hudhani kuwa shida hii ni ya nchi changa tu. Sivyo. Hata Marekani, nchi ya utajiri mkubwa, wamo wafanyakazi ambao mishahara yao haiwawezeshi kujenga wala kukopeshwa na benki.

Katika jimbo la Georgia, karibu na mji mdogo wa Americus, lipo shamba liitwalo Koinonia. Lilianzishwa mwaka 1942 na watu walioamua kuishi na kufanya kazi pamoja, weusi kwa weupe. Wabaguzi wa rangi waliwasusia na hata kuwafyatulia risasi, lakini hawakuhama.

Mwaka 1968 Clarence Jordan, mmoja wa waanzilishi wa shamba hilo, na Millard Fuller, mwanasheria aliyekuwa tajiri kisha akagawa mali yake, walianza mpango wa viwanja 42 vya jirani zao maskini. Jordan alifariki mwaka 1969, nyumba ya kwanza haijamalizika. Lakini mpango haukufa.

Msingi wake ulikuwa huu: familia haipewi sadaka, hupewa mkopo. Nyumba huuzwa pasipo faida, na deni hulipwa kidogo kidogo pasipo riba. Fedha inayorudi haimneemeshi tajiri yeyote, bali hujenga nyumba ya jirani. Tena familia yenyewe hutoa jasho, ikichanganya zege na kupigilia misumari bega kwa bega na watu waliojitolea.

Mwaka 1973 Fuller na mkewe, Linda, waliupeleka mpango huo Mbandaka, nchini Zaire, ambayo leo ni Kongo. Waliporejea kwao mwaka 1976 waliunda chama cha Habitat for Humanity, chenye matawi katika miji mingi ya Marekani. Mwaka 1984 Rais mstaafu Jimmy Carter alishika nyundo jijini New York, kusaidia kukarabati jengo kuukuu ili familia 19 zipate makao.

Hata hivyo, mkopo ni mkopo. Baba akiachishwa kazi au mama akiugua, deni haliugui. Na asiyeweza kabisa kulipa anaweza kuipoteza nyumba. Asiye na kipato chochote hachaguliwi tangu mwanzo. Huyo bado anangoja mlango mwingine.

Wazee wetu walijengeana kwa msaragambo, leo kwako, kesho kwangu. Watu wa Americus wameongeza daftari la hesabu juu ya desturi kama hiyo. Je, wapangaji wa nyumba moja, wenye mshahara mdogo lakini mikono mingi, hawawezi kuanza kwa kiwanja kimoja?