Mali ya Wizi Iliporudishwa

Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, mnamo miaka ya 1930 ulienea Uganda, Bukoba na Kenya ukiwa na desturi iliyowashangaza hata wasiokanyaga kanisani. Mtu akisema ameokoka, alianza kupita kwa majirani akirudisha alivyoiba. Madeni yaliyofichwa yalilipwa, na ndugu waliokuwa hawasalimiani wakaombana radhi. Watu hao waliitwa Walokole, kutokana na neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka.

Mlokole akiulizwa kama kurudisha mali ndiko kulikomwokoa, alikana papo hapo: ameokolewa kwa damu ya Yesu. Akiulizwa kama angeweza kuendelea kuikalia mali ile na bado ajiite ameokoka, alikana vilevile. Katika hapana hizo mbili umo mvutano mzima wa imani na matendo, uliowahi kuligawa Kanisa la Magharibi.

Hapana ya kwanza ndiyo aliyoing'ang'ania Martin Luther. Aliingia utawani mwaka 1505, akafunga, akakesha, akaungama mara kwa mara, lakini dhamiri yake haikutulia, kwa sababu hakujua ni kiasi gani cha wema kingemtosha Mungu. Mwaka 1517 aliandika hoja 95 kupinga biashara ya vyeti vya rehema, vilivyoaminika kupunguza adhabu ya dhambi, hata kwa marehemu walioko toharani. Nusu ya fedha ilikwenda kulijenga Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Nusu nyingine ilimsaidia Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kulipa deni lake kwa matajiri wa ukoo wa Fugger. Muumini maskini alinunua utulivu wa moyo, na nusu ya pesa yake ikaishia kwa mkopeshaji.

Luther alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, aliongeza neno "tu" katika Warumi 3:28, ili isomeke kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani tu. Neno hilo halimo katika Kigiriki. Mahali pekee ambapo Agano Jipya linataja imani peke yake namna hiyo ni Yakobo 2:24, na pale linakanusha kwamba inatosha! Luther aliudharau waraka huo, akaufananisha na majani makavu, ingawa kauli hiyo iliondolewa katika matoleo ya baadaye ya dibaji yake.

Je, Paulo, mwandishi wa Warumi, na Yakobo wanapingana? Wote wawili wanamwita Ibrahimu kuwa shahidi, ila kila mmoja anafungua ukurasa wake. Paulo anashika Mwanzo 15, ambapo Ibrahimu anaamini na kuhesabiwa haki kabla ya tohara, inayokuja katika sura ya 17. Alikuwa akiwatetea watu wa mataifa waliodaiwa watahiriwe na kushika torati ili wakubaliwe. Yakobo anashika Mwanzo 22, Ibrahimu akiwa mlimani na mwanawe Isaka. Aliosema nao hawakuwa na shida ya tohara. Walimwona ndugu hana nguo wala chakula, wakamwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba. Imani anayoikataa Yakobo ni ile ambayo hata pepo wanayo: kujua kwamba Mungu ni mmoja. Paulo hakuwahi kuiita hiyo imani.

Hapa Kiswahili kinasaidia kuliko lugha nyingi. Tunaposema mtu fulani hana imani, mara nyingi hatusemi kwamba hasali; tunasema hana huruma. Neno moja limebeba kuamini na kuhurumia, na Yakobo angelifurahia.

Hata Luther hakuyatupa matendo. Mwaka 1520 aliandika kitabu kizima juu ya matendo mema, akayapanga kwa kufuata Amri Kumi na kuiweka imani kuwa la kwanza, chemchemi ya mengine. Roma nayo haikufundisha kwamba mtu hujiokoa mwenyewe. Mtaguso wa Trento, katika tamko lake la Januari 13, 1547, ulianza orodha ya kanuni zake kwa kumlaani anayedai kwamba mwanadamu aweza kupata haki kwa matendo yake bila neema ya Mungu. Ndipo ukawageukia wafuasi wa Luther. Walichokuwa wakigombania kilikuwa chembamba kuliko kelele zilizokizunguka, na iliwachukua miaka 452 kukiri hivyo pamoja: Oktoba 31, 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yake, naye Roho humwita kutenda mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006. Tofauti zilibaki, mojawapo juu ya neno "stahili" lenyewe.

Hapana ya pili ya Mlokole ilipata mtihani wake mkubwa Dar es Salaam. Juni 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilikutana huko na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mtoto wa uamsho ule, kuwa rais wake wa kwanza kutoka Afrika. Mkutano ulisema kwamba kwa kawaida Wakristo waweza kutofautiana katika siasa, lakini ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika umevuka mpaka huo. Kuukataa hadharani ni sehemu ya kuikiri imani yenyewe.

Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili ya Wazungu, moja la Afrika Kusini na jingine la Namibia, yalisimamishwa uanachama wa Shirikisho hilo kwa kutojitenga na ubaguzi huo. Hayakushtakiwa kwa kulikosea fundisho la kuhesabiwa haki. Katekisimu yao ilikuwa ileile ya Luther iliyofundishwa Bukoba.