Umri pekee hautoshi kijana kuachwa nyumbani usiku

Mzazi anaposafiri mashambani kuhudhuria mazishi, au akipangiwa zamu ya usiku kazini, humbidi aamue iwapo kijana wake aweza kulala peke yake. Sheria ya Watoto ya 2022 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na kumtwika mzazi wajibu wa kumlinda, lakini haikutaja umri wa kuachwa. Kipimo ni mwenendo. Je, anajua kwamba jiko la makaa haliachwi likiwaka chumbani, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu? Atamfungulia mlango mgeni anayejiita rafiki ya baba? Anayekiri kuogopa asilazimishwe. Kumwachia wadogo zake ni mzigo mwingine kabisa. Jirani aarifiwe mapema, na nambari 116 ya kuwasaidia watoto, isiyolipishwa, ibandikwe ukutani.