Wiki ya hoteli Marekani: Hati ikihama, deni nalo huhama

Msafirishaji yeyote anajua kuwa kununua lori bila kubadilisha kadi ni kununua matatizo. Fedha zimelipwa, lori liko barabarani, lakini siku ya ajali au ya kodi anayetafutwa ni mwenye jina kwenye kadi. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala pia mali ambayo wengi wa upande huu wa dunia hawaifahamu vizuri, nayo ni wiki ya hoteli ya mapumziko inayomilikiwa kwa hati nchini Marekani. Tofauti ni moja tu. Lori likichakaa huuzwa kama chuma chakavu, lakini wiki ya hoteli haina chuma chakavu, na ada yake huendelea kudaiwa kila mwaka.

Mfanyabiashara wa Kampala, Kigali, Bujumbura au Bukavu anaweza kukutana na mali ya namna hii kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndugu aliyeko Marekani ambaye amechoka nayo na anataka kumwachia mtu wa nyumbani. Ya pili ni mdeni aliyeagiza mzigo, akashindwa kulipa, kisha akapendekeza wiki yake iwe malipo. Kwa vyovyote vile, kinachotolewa ni umiliki na mzigo wake kwa pamoja.

Mali yenyewe ni nini?

Katika mpango huu, unaojulikana kama taimusheya, jengo moja la hoteli hugawanywa kwa vyumba, na kila chumba hugawanywa kwa majuma ya mwaka. Mtu hununua juma moja au zaidi, au pointi zinazowakilisha majuma hayo. Kuna mipango ambayo mtu hupata haki ya kutumia tu kwa muda fulani. Ipo pia ile ya hati, ambapo mnunuzi huandikwa kwenye daftari la ardhi la kaunti kama mmiliki wa sehemu ya jengo. Makala haya yanahusu aina hii ya pili, na mifano yake inatoka jimbo la Florida, ambako hoteli za namna hii ni nyingi, hasa maeneo ya Orlando na Kissimmee.

Kwa kuwa ni mali isiyohamishika, huuzwa, hutolewa zawadi na kurithiwa kama kiwanja. Hata hivyo, hati si lazima iwe ya milele. Baadhi ya hoteli za mwanzo za Disney Vacation Club huko Florida, kwa mfano, zina hati zinazokwisha Januari 2042. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuisoma hati na kuona inahusu juma gani, chumba cha aina gani, kila mwaka au mwaka mmoja baada ya mwingine, na hadi lini.

Bei ni ndogo, ada ni kubwa

Mtu anayenunua kwa kampuni iliyojenga hoteli hulipa maelfu ya dola, na ndani ya bei hiyo kuna gharama kubwa za matangazo na kamisheni. Mmiliki huyo akitaka kumuuzia mtu binafsi hukuta bei imeshuka vibaya. Wapo wanaouza kwa dola chache, na wapo wanaogawa bure. Bei hiyo ndiyo inayowavuta wengi.

Lakini gharama halisi imo kwenye ada ya matunzo ya mwaka, ambayo hulipia usafi, bima, kodi ya ardhi, ukarabati na mishahara. Hulipwa mwenyewe akienda au asipokwenda. Tuchukue mfano wa ada ya dola 1,000 kwa mwaka, inayopanda kwa asilimia 5 kila mwaka. Katika miaka kumi mmiliki atakuwa amelipa karibu dola 12,600, na ada ya mwaka wa kumi peke yake itakuwa imepita dola 1,550. Hoteli ikipigwa na kimbunga au ikihitaji paa jipya, wamiliki wanaweza kutozwa mchango maalumu juu ya ada hiyo. "Zawadi" ya bure inaweza basi kumgharimu anayepokea kuliko lori la mitumba.

Aidha, hati hii haimpi mtu viza. Kumiliki juma la hoteli Orlando hakumpi mgeni haki ya kuingia Marekani, na kunyimwa viza hakumwondolei deni la ada.

Hatua za kuhamisha

Hatua ya kwanza ni kupata taarifa ya akaunti kutoka kwa wasimamizi wa hoteli. Sheria ya Florida, sura ya 721, inasema anayepokea umiliki huwajibika pamoja na aliyemtangulia kwa ada zote ambazo hazijalipwa hadi siku ya uhamisho. Ndiyo maana maneno ya mdomo kwamba "kila kitu kimelipwa" hayatoshi. Sheria hiyo hiyo inawataka wasimamizi kutoa cheti kinachoonyesha kinachodaiwa, kikiombwa kwa maandishi na mmiliki au wakala wake. Aidha iulizwe kama kuna mkopo uliobaki, maana mwenye mkopo anaweza kuidai mali hiyo hata baada ya jina kubadilika.

Hatua ya pili ni kujua kama hoteli ina haki ya kununua kwanza. Pale ilipo, muuzaji hupeleka mkataba kwa hoteli, nayo huamua kuchukua mali kwa bei ile ile au kuruhusu mauzo yaendelee. Uhamisho uliofanywa bila kupitia hapo unaweza kukwama. Pia iulizwe ni faida zipi zitabaki kwa mwenyewe wa zamani. Baadhi ya hoteli humpa mnunuzi wa pili juma lake tu, bila haki ya kubadilishana na hoteli nyingine.

Hatua ya tatu ni kuandika hati mpya. Ipo hati yenye dhamana, ambayo muuzaji huahidi kuwa mali ni yake na haina mdai mwingine. Ipo pia hati ya kuachia tu, ambayo muuzaji huachia haki yoyote aliyo nayo, hata kama hana. Hati ya kuachia hutumika sana baina ya ndugu, lakini kwa mtu anayelipwa deni la biashara haimpi kinga. Maelezo ya mali yanakiliwe kutoka hati ya zamani neno kwa neno, na kila aliyeandikwa kama mmiliki atie saini, akiwemo mume au mke.

Florida hutaka muuzaji asaini mbele ya mashahidi wawili, na hati ithibitishwe na notari. Mmiliki aliyerudi nyumbani Afrika Mashariki anaweza kuomba uthibitisho huo kwenye ubalozi wa Marekani, ambao hutoza dola 50 kwa kila muhuri. Vilevile, tangu 2020 sheria ya Florida inaruhusu notari kufanya kazi hiyo kwa njia ya video.

Hatua ya nne ni kuisajili hati kwenye kaunti ambako hoteli ipo. Gharama za serikali si kubwa. Ukurasa wa kwanza ni dola 10 na kila unaofuata ni dola 8.50, na sehemu kubwa ya Florida hutoza kodi ya stempu ya senti 70 kwa kila dola 100 za bei. Kwa mauzo ya dola 1,000 yenye hati ya kurasa mbili, jumla ni dola 25.50. Kinachoongeza gharama ni ada ya uhamisho ya hoteli na malipo ya kampuni inayoandaa hati.

Hatua ya tano ndiyo inayosahaulika zaidi. Nakala ya hati iliyosajiliwa ipelekwe hotelini ili jina libadilishwe kwenye vitabu vyao. Hadi hapo, ankara zitaendelea kwenda kwa mmiliki wa zamani, naye mpya hawezi kuweka nafasi ya chumba.

Muuzaji asiye mkaazi wa Marekani ajue pia kuwa mnunuzi hutakiwa kwa kawaida kuzuia asilimia 15 ya bei na kuipeleka mamlaka ya kodi ya nchi hiyo. Misamaha ipo, lakini iulizwe kabla ya kusaini.

Matapeli wanaodai fedha kwanza

Wamiliki waliokata tamaa ni mawindo rahisi. Mtu hupigiwa simu na kuambiwa mnunuzi yupo tayari, kinachohitajika ni kutuma ada ya kodi au ya mwanasheria. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu magenge ya Mexico yanayoendesha ulaghai huu, ikieleza kuwa kati ya 2019 na 2023 waathirika wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300. Njia salama ni fedha kukaa kwenye akaunti ya amana ya mtu wa tatu hadi hati isajiliwe.

Na anayepewa bila kuomba?

Kisheria, hati huhitaji kupokelewa. Ndugu hawezi kumtupia mwenzake deni kwa kuandika jina lake bila ridhaa. Anayekuta jina lake limesajiliwa asikae kimya. Aandike barua ya kukataa kwa hoteli na kwa aliyemwandika, wala asilipe hata ankara moja wala kutumia chumba, kwa kuwa hilo laweza kuhesabiwa kuwa amekubali.

Kwa anayefikiria kukubali, karatasi ya kwanza kuomba ni ankara ya ada ya mwaka huu pamoja na zile za miaka mitano iliyopita. Azipige hesabu kwa shilingi au faranga za nyumbani, alinganishe na deni analodai au safari anazotarajia kufanya, ndipo aulize bei.